MOTO INAKATAA KUWAKA? TAFUTA KOSA, USITAFUTE AJALI

Ukurasa wa Usalama na Afya



Ni saa kumi na moja ya alfajiri. Umande ungali juu ya mabati, baridi ya Bunia inauma vidole, na saa ya kazi haimngoji mtu. Umetoa pikipiki uani, umepiga kiki mara moja, mara mbili, mara kumi. Injini inazunguka, unaisikia pistoni ikipanda na kushuka, lakini haiwaki. Jasho linaanza kutoka. Unapiga kiki kwa hasira. Mwisho unafungua kifuniko cha tangi, huoni kitu kwa sababu ya giza, unamwita mtoto: “Lete kiberiti nione kama esansi iko!”

Hapo, ndugu, simama.

Kabla ya neno hilo ulikuwa na shida ndogo: moto haiwaki. Baada ya neno hilo unaweza kuwa na shida kubwa: moto umewaka.

Huku kwetu Ituri neno hili moja linafanya kazi mbili. Kuna moto ile ya magurudumu mawili, na kuna moto ule unaounguza. Ukurasa wa leo una fundisho moja tu: ukiitafuta moto ya kwanza, usije ukaupata moto wa pili. Na njia ya kuepuka hatari hiyo si kuiogopa pikipiki, wala si kumwachia fundi kila kitu. Njia yake ni utaratibu.

KWA NINI TUNASEMA JAMBO HILI HAPA

Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903. Wazee wetu wa wakati ule walikwenda kazini kwa miguu. Leo, kwenye barabara ya Iga-Barrière na Mongbwalu, kwenye ile ya Komanda, na kwenye ile inayoteremka Kasenyi hadi Ziwa Albert, pikipiki ndiyo mguu wetu. Inabeba mfanyakazi, inabeba mfuko wa mihogo, inabeba mgonjwa. Inapokataa kuwaka, si saa ya kazi tu inayopotea. Pengine nyuma yako kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa. Pengine jua linazama, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba si kila njia ni ya kukwama usiku.

Basi mtu anafanya haraka. Na haraka ndiyo inayopeleka watu hospitali, si pikipiki.

Wewe unayefanya kazi ya mgodi unajua jambo hili kuliko wengine. Baruti ikishalia, hukimbilii mawe. Unangoja moshi uishe. Unagonga dari kwa mtaimbo, unasikiliza sauti yake, ndipo unapiga hatua. Tunakuomba uichukue akili ile ile ya chimboni uipeleke uani kwako.

VITU VINNE, WALA SI ZAIDI

Injini ndogo ya pikipiki, iwe TVS, iwe Boxer, iwe Haojue, inataka vitu vinne ili iwake:

1. Esansi safi, kwa kiasi chake.
2. Hewa safi, kwa kiasi chake.
3. Cheche ya bujie, kwa wakati wake.
4. Mbano, maana yake pistoni ikandamize mchanganyiko wa esansi na hewa bila kuvuja.

Fikiri mbabula ya nyumbani. Bila makala hakuna moto. Bila upepo, makala yanazimika. Bila kiberiti, makala na upepo vinatazamana tu. Injini ni hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba mchanganyiko wake lazima ukandamizwe kwanza.

Kwa hiyo, kama kiki au demarere inazungusha injini na injini haiwaki, kimoja kati ya vinne hivyo kimekosekana. Hakuna uchawi. Kazi yako ni kuuliza kimoja kimoja, kuanzia kilicho rahisi. Usifungue vitu vitatu kwa mara moja, maana hata ikiwaka hutajua ni kipi kilichokuwa kibaya, na kesho utarudia pale pale.

KABLA YA KUGUSA KITU CHOCHOTE

Isukume pikipiki itoke barabarani. Itoe pia karibu na nyumba, mbabula, taa ya petroli na mtu anayevuta sigara. Isimamishe juu ya miguu yake miwili mahali palipo sawa. Toa vitesi. Acha injini ipoe kama ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu bomba la moshi huunguza ngozi hata baada ya injini kuzimwa. Weka watoto mbali. Kama ni usiku, tumia tochi ya simu au ya betri, na mwenzako aishike kwa mbali kidogo.

Kwa nini tunakazania jambo hili? Kwa sababu kinachoshika moto kwanza si esansi unayoiona, ni mvuke wake usiouona. Esansi hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo usiseme, “Asubuhi hii ni baridi, hakuna hatari.” Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini, unafuata mtaro na kizingiti cha mlango, mpaka unaikuta mbabula ya mama. Ndipo moto unarudi kwa njia ile ile hadi miguuni pako.

HATUA YA KWANZA: VITU VYA MACHO NA VIDOLE

Usicheke, maana hata mafundi hodari hunaswa hapa.

Kitufe chekundu cha kuzimia injini, upande wa mkono wa kuume, kimeguswa na mtoto? Kirudishe. Kwenye pikipiki nyingi, kitufe hicho kikiwa kimefungwa, kiki itazunguka siku nzima bila cheche. Ufunguo umefika mahali pake? Kwenye pikipiki nyingine, mguu wa pembeni ukiwa chini, injini haikubali. Upandishe.

Robine ya esansi iko wazi? Kama esansi imepungua, igeuze kwenye akiba. Itikise pikipiki kidogo, usikilize kama tangi linacheza maji. Sikio lako halihitaji kiberiti.

Sasa fungua kifuniko cha tangi polepole. Ukisikia sauti ya kufyonza hewa, na baada ya hapo injini ikawaka, umekwisha kupata kosa: tundu dogo la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi. Esansi haiwezi kuteremka kama hewa haiingii juu yake, sawa na bidoni ya mafuta ya mawese ukiipindua bila kutoboa tundu la pili. Safisha tundu hilo, funga kifuniko, nenda zako.

Asubuhi ya baridi, vuta kile kijiti cha kupunguza hewa ambacho mafundi hukiita starteri. Injini ikishapata joto, kirudishe. Usitembee nacho kimevutwa, kwa sababu injini itakula esansi nyingi na bujie itajaa masizi. Kumbuka pia kwamba Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya pwani. Injini inapata hewa pungufu tayari, usiiongezee njaa.

Kama unatumia demarere, usiibonyeze zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Ipumzishe, kisha ujaribu tena. Ukiishikilia, utaua betri na bado hutajua kosa.

HATUA YA PILI: INJINI IMEZAMA?

Kama umepiga kiki mara nyingi na sasa unasikia harufu kali ya esansi, huenda injini imezama, yaani imepewa esansi kuliko inavyoweza kuwasha. Funga robine. Rudisha starteri. Fungua mkono wa gazi mpaka mwisho, piga kiki polepole mara sita au saba ili hewa ikaushe ndani. Pumzika dakika tano. Kisha fungua robine, ujaribu kama kawaida bila kuvuta gazi.

Dakika hizo tano ni dawa kwa injini, na ni dawa kwa hasira yako pia.

HATUA YA TATU: ESANSI INAFIKA, NA NI ESANSI KWELI?

Chini ya kabirateri kuna vise ndogo ya kumwagia. Injini ikiwa baridi, weka chini yake kopo safi la chuma au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, legeza vise, pokea kiasi cha vijiko viwili. Usipokee katika beseni la plastiki, wala usiache imwagike chini.

Kama hakuna kinachotoka, esansi haifiki. Tazama robine, mpira wake uliopindika, na uchafu.

Kama inatoka, itazame penye mwanga. Maji ni mazito kuliko esansi, hukaa chini kama shanga. Wakati wa mvua jambo hili huonekana sana: kifuniko kibovu cha tangi, au bidoni iliyoachwa wazi kando ya barabara. Ukiona maji, mwaga mpaka itoke esansi tupu.

Tunanunua esansi nyingi kwa chupa na kwa bidoni, kwa vijana wa kando ya njia tunaowaita kadafi. Wengi ni waaminifu. Lakini chupa moja ikichanganywa petroli ya taa au mazutu, pikipiki yako itatoa moshi, itakosa nguvu, na asubuhi ya baridi itakataa kabisa. Uko na njia rahisi ya kupima. Mbali na moto wowote, weka tone moja juu ya karatasi nyeupe. Esansi safi hukauka upesi, wala haiachi alama ya mafuta. Petroli na mazutu huacha doa.

Kama pikipiki ilikaa miezi bila kutumiwa, esansi ya zamani huacha utomvu unaoziba jiklere, lile tundu dogo la kabirateri. Hilo lisafishwe na fundi. Usilichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua, na matumizi ya esansi yatapanda.

Ukimaliza, kaza vise, funga robine, pangusa kwa kitambaa, kiweke kitambaa hicho nje kikauke mbali na nyumba. Isukume pikipiki hatua kadhaa uiondoe mahali hapo. Ngoja dakika kumi, mpaka harufu iishe. Usiende kwenye hatua inayofuata mikono ingali na esansi. Hatua inayofuata ni ya cheche.

HATUA YA NNE: BUJIE

Toa kofia ya bujie, fungua bujie kwa ufunguo wake, uisome kama barua. Bujie haisemi uongo.

Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi: esansi haifiki, rudi hatua ya tatu.
Ikiwa imelowa esansi: injini imezama, au cheche haipo.
Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu: hewa ni kidogo au starteri iliachwa. Tazama kichujio cha hewa.
Ikiwa na mafuta ya injini: pete za pistoni au supapi zimechoka. Ni kazi ya fundi.
Ikiwa na rangi ya udongo mkavu, kahawia hafifu: iko na afya.

Isafishe kwa brashi. Nafasi kati ya ncha zake mbili huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8 kwa pikipiki nyingi ndogo, lakini kipimo cha kweli kimo katika kitabu cha pikipiki yako.

Sasa tufike mahali penye hatari kubwa. Vijana wengi hupima cheche hivi: wanatoa bujie, wanaiweka juu ya injini karibu na tundu lake, wanapiga kiki. Tazama wanalofanya. Tundu liko wazi, kila kiki inatema mvuke wa esansi, na sentimita chache kutoka hapo wanawasha cheche. Ndiyo kusema wameleta kiberiti na makala pamoja mbele ya uso wao.

Fanya hivi badala yake. Nunua bujie moja ya akiba, uiweke daima chini ya kiti. Bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya hospitali. Rudisha bujie ya zamani mahali pake na uikaze, ili tundu lizibwe. Funga robine na tangi. Chomeka kofia kwenye bujie ya akiba. Ilaze juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na kabirateri, chuma kwa chuma. Usiishike kwa mkono: umeme wa bujie ni wa maelfu ya volti, na mtu akirushwa na umeme huangukia bomba la moto au hujigonga kichwa. Mwenzako apige kiki, wewe utazame kwenye kivuli.

Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche ya manjano iliyo dhaifu haitoshi. Kama akiba inatoa cheche nzuri, iingize ndani ya injini, ujaribu. Mara nyingi safari inaanza hapo.

Kama hakuna cheche, tazama kama kofia imelegea kwenye waya, kama waya umechubuka, kama maji yameingia baada ya mvua au baada ya kuosha pikipiki. Kausha, jaribu tena. Usipige kiki wakati kofia inaning'inia hewani, unaweza kuharibu kisanduku cha umeme. Kama bado hakuna, kosa liko kwenye koili, kwenye kisanduku hicho, au kwenye waya za ndani. Mwite fundi. Hujashindwa, umemwondolea fundi nusu ya kazi.

HATUA YA TANO: HEWA NA MBANO

Vumbi letu jekundu la kiangazi ni adui wa kichujio. Fungua sanduku lake. Kichujio cha sponji kinaoshwa kwa maji ya sabuni, kinakamuliwa bila kusokotwa, kinakauka kivulini, kisha kinapakwa mafuta kidogo ya injini. Kile cha karatasi hakioshwi, kinakung'utwa au kinabadilishwa. Usioshe kichujio kwa esansi. Tazama pia kama matope hayakuziba bomba la moshi.

Kama umevuka mto na injini imezimika ndani ya maji, usipige kiki kwa nguvu. Maji hayakandamiziki kama hewa, na mkono wa pistoni unaweza kupindika. Toa bujie kwanza, zungusha polepole maji yatoke.

Mwisho ni mbano. Kama kiki imekuwa nyepesi ghafula, haikupingi mguu, angalia kwanza kama bujie imekazwa. Kama imekazwa, basi supapi haifungi au pete zimekwisha. Hapo weka ufunguo chini. Hakuna kiki hata mia zitakazorudisha mbano.

Pikipiki mpya nyingine hazina kabirateri, zinapulizia esansi kwa umeme. Kwa hizo, hatua za kwanza na bujie ni zile zile, lakini betri lazima iwe na nguvu. Taa ya injini ikiendelea kuwaka kwenye dashi, nenda kwa fundi mwenye vyombo vyake.

MAKOSA MANNE YANAYOLETA MSIBA

La kwanza: kufyonza esansi kwa mdomo. Mtu anaingiza mpira ndani ya tangi la mwenzake, anavuta. Tone moja likipotea njia na kuingia mapafuni, linaunguza mapafu. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu amekwisha kulala. Tumia robine au pampu ndogo ya mkono.

La pili: kunawa mikono au kuosha vyombo vya kazi kwa esansi. Esansi ina benzini, inayodhuru damu, nayo hupita hata kwenye ngozi. Tumia sabuni na mchanga laini.

La tatu: kujaribu injini ndani ya nyumba au ndani ya magazeni iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anadhani ni uchovu, halafu haamki. Na hapa tunasema kwa sauti kubwa kwa ndugu wote wanaotumia motopompe: injini yake ni ndugu ya injini ya pikipiki. Hatua hizi tano zinaifaa. Lakini motopompe haishuki shimoni kamwe. Inakaa juu, mpira ndio unaoshuka. Mtu akianguka shimoni penye moshi, usimfuate bila hewa, maana mtu mmoja atakuwa wawili.

La nne: kuweka esansi katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma rangi. Mama wa nyumbani, sehemu hii ni yako. Kataa chupa hiyo isilale jikoni wala chini ya kitanda. Esansi ikae katika chombo chake kinachofungwa vizuri, chenye alama, nje ya nyumba, kivulini, juu ya mkono wa mtoto.

IKIWA AJALI IMEKWISHA KUTOKEA

Nguo zimeshika moto: usikimbie, upepo utauchochea. Lala chini, ujiviringishe, au mwenzako akufunike kwa blanketi zito. Esansi inayowaka chini usiimwagie maji, itaelea na kuutawanya moto. Tumia mchanga au udongo.

Ngozi imeungua: mimina juu yake maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla ya kuvimba. Nguo iliyoganda usiivute. Funika kwa kitambaa safi. Usipake mafuta ya mawese, dawa ya meno, yai wala matope. Vitu hivyo hushika joto na kuingiza uchafu, na muganga atalazimika kuviondoa juu ya kidonda kibichi.

Esansi imeingia machoni: osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha nenda kwenye kituo cha afya.

Mtoto amekunywa esansi: usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Tunajua bibi zetu walifundisha hivyo kwa upendo, lakini esansi inayorudi juu ndiyo inayoingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mchukue mara moja kwa muganga pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheka na kucheza.

KATA SEHEMU HII, UIBANDIKE KARIBU NA PIKIPIKI

1. Simama. Ondoka barabarani na penye moto. Tochi, si kiberiti.
2. Kitufe, ufunguo, robine, kifuniko, starteri.
3. Harufu kali? Imezama. Ngoja dakika tano.
4. Esansi: inafika? Ina maji? Kausha, ngoja dakika kumi.
5. Bujie: isome. Pima cheche kwa bujie ya akiba, tundu likiwa limezibwa.
6. Kichujio, bomba la moshi, mbano.
7. Bado? Mwite fundi. Mgonjwa apande pikipiki nyingine.

Neno hilo la mwisho, ndugu, usilisahau. Kama nyuma yako kuna mgonjwa au mama mwenye uchungu, hatua ya kwanza peke yake ndiyo yako. Dakika mbili zikipita bila kuwaka, simamisha mwenzako anayepita. Kosa la pikipiki litangoja hadi kesho, mtu hangoji.

Na wewe wa alfajiri ile uani kwako: rudisha kiberiti jikoni. Tazama kitufe chekundu. Huenda mtoto alikicheza jana jioni, alipopanda juu ya moto ya baba na kujifanya anakwenda Mongbwalu.